Besi Ikorome, Isipotee

Hadithi, hadithi! Najua mnavyojibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo, wajukuu zangu, utamu uje peke yake. Uongo tumeuacha Tunduma pale mpakani, umekaa kwenye foleni ya malori, na kwa foleni ile ninavyoijua haufiki hapa kwetu Kamsamba leo wala kesho.

Hadithi yenyewe ni ya sauti mbili za gitaa. Ya kwanza ni safi: unapiga uzi, inatoka ilivyo, nene na laini. Ya pili inakoroma na kukwaruza, utadhani spika imechanika. Wapigaji wamebishana miaka mingi ipi ni bora. Wa gitaa la solo waacheni wabishane. Lakini mpigaji wa besi akiniuliza achague ipi, namjibu asichague. Azipige zote mbili kwa wakati mmoja, na akili yake aiweke kwenye kipimo.

Sasa shida yenyewe. Hapa bondeni, Mto Momba unakoelekea Ziwa Rukwa, gitaa la besi mnalikuta kwenye kwaya na kwenye harusi, hasa mpunga ukishavunwa na ufuta ukishauzwa. Spika zinatolewa nje, waya zinatandazwa, watu wanajaa. Ukikaa karibu na sabufa, kifua kinatetemeka. Ukisogea nyuma kidogo, kule wanakokaa wazee kwenye vivuli, waimbaji unawasikia, kinanda unakisikia, lakini besi imebaki mvumo tu. Huwezi kusema imepigwa noti gani. Basi kijana wa besi anakwenda kununua pedali ya mkwaruzo, ile ya kukanyaga kwa mguu, iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo. Anaikanyaga. Sasa noti zinasikika mpaka barabarani, ila uzito wote umekwenda. Wachezaji wanasimama wanatazamana.

Kabla sijawaambia alikosea wapi, twende Marekani kidogo, mji wa Nashville. Mwanamuziki Marty Robbins alikuwa anarekodi wimbo wa taratibu unaoitwa "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Mpigaji mmoja hodari, Grady Martin, alikuwa na besi ya nyuzi sita. Chaneli moja ya mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ilikuwa imeharibika, na besi yake ilipopita humo ilitoka inakoroma vibaya. Mngekuwa ninyi mngesema turudie. Wao waliiacha, wimbo ukapendwa, na watu wakaanza kuuliza ile sauti inapatikanaje. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, alichunguza kile kilichoharibika, akatengeneza kifaa cha kuiga ule ubovu kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ikakiuza kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikitangaza kwamba kitalifanya gitaa litoe sauti kama ya tarumbeta au saksafoni. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alikitumia kwenye "Satisfaction", na tangu hapo dunia nzima ikataka kukoroma. Kumbukeni lakini: ule mkwaruzo wa mwaka 1961 ulioanzisha yote ulikuwa wa besi.

Sasa tuingie ndani ya waya. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye ule waya, nao unapanda na kushuka kwa kufuata uzi. Mkiuchora kwenye karatasi mnapata wimbi: kilima, bonde, kilima, bonde, vyote vya mviringo. Pedali inaukuza umeme huo, kisha inauwekea kikomo. Katika pedali nyingi kikomo hicho ni vipande viwili vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, vinaitwa dayodi. Dayodi ya silikoni ikifikiwa na volti 0.6 hivi inafungua njia, na umeme uliozidi unapita pembeni. Kwa hiyo kilima kinakatwa kichwa, na bonde linafukiwa. Wimbi lililokuwa mviringo linatoka bapa juu na chini.

Wimbi bapa haliwezi kubaki sauti moja. Uzi mnene kuliko wote wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Wimbi lake likikatwa namna hii, juu ya hiyo 41 zinapata nguvu sauti nyingine: 82, 123, 164, 205, na kuendelea. Huko ndiko kukoroma kunakotoka.

Hapa pana jambo linalonistaajabisha kila nikilifikiria. Spika ndogo ya redio au ya simu haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa nguvu ya kusikika. Lakini zile za juu zaidi, baada ya 205, inaweza kuzijaribu. Masikio yakizipata hizo kwa pamoja, ubongo unapiga hesabu zake kimyakimya na kukwambia umesikia noti ya 41, hata kama spika haikuitoa kabisa. Ndiyo maana besi yenye mkwaruzo kidogo unaitambua kwenye simu ya mwenzako aliyekaa upande wa pili wa uwanja, na besi safi tupu huitambui.

Kama mkwaruzo una faida hiyo, kijana wetu alikosea wapi? Pedali aliyonunua ni ya gitaa. Gitaa la kawaida linaanzia mitetemo 82, maradufu ya besi, na fundi aliyeitengeneza ameweka makusudi kapasita zinazozuia sauti nzito zisifike kwenye dayodi, kwa sababu gitaa likikoroma na uzito wake wote linatoa sauti ya matope. Besi ikipita humo, nusu yake inaachwa mlangoni. Halafu kuna la pili: dayodi hazijali umedonoa uzi kwa upole au kwa nguvu, zinakata kwa kimo kimoja. Ule mdonoo wa kidole, "du!", ambao wachezaji wanaufuata kwa miguu, unabanwa na kufanana na kila kitu kilichoufuata. Mkwaruzo unakutajia noti, lakini mwili wa noti na ule mdonoo vimebaki kwenye sauti safi, na sauti safi ameizima mwenyewe kwa mguu.

"Lakini babu, ukikanyaga pedali si sauti yote inapita humo? Hiyo safi utaitoa wapi?"

Swali zuri. Tafuteni kitana na karatasi laini, ile ya ndani ya pakiti ya biskuti inafaa. Kwanza imbeni "uuu" kwa mdomo mtupu. Sasa funikeni kitana kwa karatasi, kiwekeni midomoni bila kukikandamiza, muimbe "uuu" ile ile. Karatasi inaruka na kuzizima. Sikilizeni vizuri: sauti yenu haikufa. Sehemu yake inapita kandokando ikiwa safi, na sehemu nyingine inatikisa karatasi. Zinakutana hewani na kuingia sikioni pamoja. Sasa kandamizeni kitana hadi midomo izibe kila upenyo. Mnaona inavyobadilika? Hiyo ni pedali isiyo na mchanganyiko.

Na msidhani jambo hili limekuja na umeme. Wagogo wa Dodoma wana ilimba, kile chombo cha vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba juu ya boksi la mbao. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki 2003, aliizungusha ilimba duniani kote. Mafundi wa ilimba hutoboa tundu kwenye ubao na kulifunika kwa utando wa buibui, ili sauti ikipita utando uzizime. Chuma kinatoa noti safi, utando unatoa mkwaruzo, vyote kwa wakati mmoja. Uganda kuna endongo, ambayo nyuzi zake zimewekwa karibu na ngozi ya kenge kwa makusudi ili ziiguse na kukwaruza. Wazee hawa hawakuwa na dayodi wala betri ya volti 9, ila kipimo walikuwa nacho. Anayesema mkwaruzo ni jambo la kizungu hajawahi kukaa karibu na ilimba.

Kongo nako walikwenda mbali zaidi. Mjini Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1 walitaka likembe zao, ndugu wa ilimba, zisikike juu ya kelele za mitaa ya jiji. Hawakuwa na vifaa vya dukani, wakatengeneza vinasa sauti kwa sumaku walizozitoa kwenye mabaki ya magari. Likembe zilipopita kwenye amplifaya za kuungaunga zikakoroma, nao wakaupenda ule mkoromo na kuujengea muziki mzima, likembe moja ikiwa ndiyo besi. Albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikawashangaza Wazungu.

Turudi kwa kijana wetu na pedali yake. Dawa ni kuigawa sauti kabla haijaguswa. Waya wa gitaa unaingia, sauti inagawanyika njia mbili: moja inakwenda kwenye dayodi ikatwe vichwa, nyingine inapita pembeni haiguswi. Mwishoni zinakutana tena, na hapo pana kitufe cha kuzungusha kinachoamua kila moja iwe kiasi gani. Pedali za besi nyingi zina kitufe hicho. Ile ya BOSS ya Japani iitwayo ODB-3 wamekiandika Balance. SansAmp ya besi ya kampuni ya Tech 21 wamekiandika Blend, na Darkglass wa Helsinki, Ufini, hivyo hivyo. Ukikizungusha upande mmoja kabisa unabaki na safi, upande mwingine mkwaruzo mtupu. Wapigaji wengi wa besi hawafiki huko mwisho.

Kuna pedali ambayo haina kitufe hicho na bado inachanganya kimyakimya. Ni ile ya kijani ya Ibanez inayoitwa Tube Screamer, iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mzunguko wake wa umeme umepangwa hivi kwamba sauti safi haizuiliki: mkwaruzo unajumlishwa juu yake, hauchukui nafasi yake. Tena inakuza hasa sauti zilizo juu ya mitetemo 720 hivi kwa sekunde, na zile nzito zinapita karibu zilivyoingia. Nyingine, Klon Centaur ya Bill Finnegan wa Marekani iliyotoka miaka ya 1990, ina kitufe kimoja kinachofanya kazi mbili: ukiongeza mkwaruzo, chenyewe kinapunguza safi, na ukirudisha, safi inarudi. Hiyo siku hizi inauzwa kwa bei ambayo hapa kwetu ungepata ng'ombe kadhaa, na sioni sababu ya kuuza ng'ombe.

Kwa sababu pedali ya gharama si lazima. Mikisa ya kanisani ina chaneli nyingi, na nyingine siku zote ziko wazi. Chukueni kigawanyio cha jeki, kile chenye tundu moja na matawi mawili. Gitaa liingie kwenye tundu. Tawi la kwanza liende moja kwa moja chaneli ya kwanza: hiyo ndiyo safi. Tawi la pili liende kwenye pedali, na pedali iende chaneli ya pili. Kwenye chaneli ya mkwaruzo, punguzeni besi yote kwa kile kitufe cha chini, acheni sauti za kati. Kwenye chaneli safi fanyeni kinyume, punguzeni kali mbakize nzito. Kila moja sasa ina eneo lake, hazigombanii. Jambo moja tu msifanye: msichukue kile kigawanyio mkakigeuza, mkaunganisha matokeo mawili kwenda tundu moja. Kugawa kinaweza, kukusanya hakiwezi. Vifaa viwili vitasukumana umeme na sauti zote mbili zitadhoofika. Kukusanya ni kazi ya mikisa.

Mkishaunganisha, mnaweza kukutana na kioja. Chaneli safi peke yake ni nzito. Chaneli ya mkwaruzo peke yake ni sawa. Mkizipandisha pamoja, besi inakonda badala ya kunenepa! Watu huanza kulaumu gitaa, au jenereta, au shetani. Mmeshaona maksai wawili wakilima. Wakivuta upande mmoja, jembe linachana udongo. Mmoja akivuta mbele na mwenzake, mwenye nguvu sawa, akavuta nyuma, jembe halisogei, ingawa wote wanatoka jasho. Pedali nyingine zinapindua wimbi: palipokuwa kilima zinatoa bonde. Kilima cha chaneli safi kikikutana na bonde la chaneli ya mkwaruzo, vinafutana, na sauti nzito ndizo zinazoumia zaidi. Kwenye mikisa kubwa kuna kitufe chenye alama ya duara lililokatwa kwa mstari. Kibonyezeni kwenye chaneli moja tu, wimbi linapinduliwa tena, na uzito unarudi hapo hapo. Mikisa yenu kama haina, jaribuni pedali nyingine. Na pedali za kidijitali zina ugonjwa wao: zinachelewesha sauti kidogo sana, sehemu ya sekunde ambayo hamwezi kuihesabu, lakini inatosha kuwafanya maksai wapishane hatua.

Mtaniuliza, kama mchanganyiko ni mtamu hivi, mbona wakongwe wa muziki wa dansi hawakukoroma? Sikilizeni Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au Mlimani Park waliofuata: solo, ridhimu na besi, magitaa yanasukana, na karibu yote ni safi. Walikuwa na sababu. Noti mbili zikiingia pamoja kwenye mkwaruzo zinazaa za tatu na za nne. Mitetemo 220 na 330 ikikutana humo inazaa 110, tofauti yake, na 550, jumla yake, nazo zinapatana na wazazi. Lakini 440 na 466, noti mbili zilizo jirani kabisa, zinazaa 26, mngurumo usio na jina. Magitaa matatu yanayosukana yakipitishwa kote huko, msuko unafumuka. Kwa muziki wao walikuwa sahihi, na mimi nisingegusa hata kitufe kimoja.

Ng'ambo ya mpaka, vijana walichagua njia nyingine. Mwaka 1975, reli ya TAZARA ilipokamilika kutandikwa kutoka Dar es Salaam kupita Tunduma hadi Kapiri Mposhi, Zambia ilikuwa inanguruma. Bendi ya WITCH ilitoa Lazy Bones!! mwaka huo, na Amanaz wakatoa albamu yao iitwayo Africa. Mwimbaji wa WITCH, Emanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger. Muziki ule siku hizi unaitwa Zamrock. Gitaa linakoroma kwa mkwaruzo mpaka meno yanauma, na chini yake besi na ngoma zimeshika ardhi. Vijana wa Dar es Salaam hawakubaki nyuma: bendi ya Sunburst albamu yake, Ave Africa, ilitoka huko huko Zambia mwaka 1976. Mkitaka somo la leo kwa masikio, tafuteni hizo, msikilize mara moja gitaa, mara ya pili besi peke yake.

Limebaki onyo moja, kisha mkalale. Mkwaruzo wa pedali ni mdogo, umezaliwa na volti chache ndani ya kijiboksi, na peke yake hauumizi kitu. Mkwaruzo wa amplifaya iliyofunguliwa kupita uwezo wake ni jambo jingine kabisa. Huo nao unakata vichwa vya mawimbi, ila unafanya hivyo kwa nguvu zote za umeme, na zile sauti kali zinazozaliwa zinakwenda kuchoma tuita, ile spika ndogo ya sauti kali. Ukisikia harusini waimbaji, kinanda na besi vyote vinakoroma pamoja, hapo hapana mpigaji anayechanganya kwa ufundi, pana spika inayokufa. Kamwambieni fundi mitambo kwa adabu, "Shikamoo, naomba upunguze kidogo."

Nanyi mkipewa besi siku moja, anzeni na chaneli safi peke yake mpaka wimbo usimame. Ndipo mpandishe mkwaruzo polepole, mwenzenu akiwa amesimama mbali anawasikilizia. Akiinua mkono kwamba sasa anasikia kila noti, acheni hapo hapo, msiongeze tena.